Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Makumbusho: Mifupa ya Samaki Tunayoiokota Mtoni Inahitaji Jibu

YAH: KUKOSEKANA KWA UTARATIBU WA KUTAMBUA VISUKUKU VYA SAMAKI VINAVYOLETWA NA WANANCHI

Mheshimiwa Mkurugenzi, waheshimiwa wajumbe wa Bodi, na wakuu wa idara za visukuku na za samaki,

Nawasalimu kwa heshima. Nawaandikia hadharani kwa kuwa njia za kawaida nimezipita zote. Niliandika barua pepe kwa idara husika, nikajaza fomu ya maulizo ya umma, nikafika mwenyewe mapokezi, na mwishowe nikawasilisha malalamiko ya maandishi kwa ofisi ya juu kabisa. Sijapata jibu la maana. Taasisi sitaitaja kwa jina. Nikizungumza na wenzangu wanaookota mifupa mitoni, kila mmoja na makumbusho yake, nasikia malalamiko yaleyale, na nisingependa lawama imwangukie mtumishi mmoja wa mapokezi wakati kasoro iko kwenye utaratibu, au kwenye kukosekana kwake.

Ombi langu ni hili. Mtu akileta mfupa wa samaki aliouokota mtoni, apewe jibu la maandishi linaloeleza kama ni kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa ardhini, au la, ni mfupa wa sehemu gani ya mwili, ni wa samaki wa kundi gani, na ni dalili zipi zilizompa mtaalamu uamuzi huo. Asipokuwa na uhakika, aandike kwamba hana uhakika na aseme amekwama wapi. Madai yangu nayapanga kwa namba ili yaweze kujibiwa moja moja.

1. "Ni mfupa wa samaki tu" si utambuzi

Hayo ndiyo maneno niliyojibiwa nilipotuma picha za kwanza. Kilichokuwa kwenye picha ni kipande cha pembetatu, chembamba nyuma, ambacho upande mmoja umefunikwa na meno ya mviringo yaliyosongamana: makubwa katikati, madogo kuelekea kingoni. Baadhi yamelika juu hadi yakawa bapa. Mengine yameng'oka, yakaacha vishimo safi vinavyoonekana hata bila kioo cha kukuzia.

Mtu yeyote aliyewahi kufungua koo la perege au sato anajua kwamba samaki hao wana taya la pili ndani kabisa, nyuma ya matamvua. Katika jamii yao, vipande viwili vya chini vya taya hilo vimeungana kuwa mfupa mmoja wa pembetatu. Wenye kula majani na mwani wana meno membamba yaliyojipanga kwa wingi; wenye kuvunja konokono wana meno manene ya mviringo. Kwa hiyo kipande kama kile kinaweza kutueleza kundi la samaki, na pia alichokuwa akila, na kwa njia hiyo hali ya maji aliyoishi. Lakini kuna samaki wengine, wa jamii za mbali kabisa na perege, ambao nao wana taya la koo lenye meno ya kusaga. Kuwatofautisha kunahitaji mtu anayejua aangalie mishono ya mfupa, umbo la sehemu ya nyuma na mpangilio wa meno. Hilo ndilo swali nililouliza. Kwamba ni samaki nilikuwa nalijua kabla sijaandika.

Nyinyi mnaelewa kuliko mimi kwa nini swali hili si jepesi. Fuvu la binadamu mzima lina mifupa 22. La samaki mwenye mifupa migumu linaweza kupita mifupa 100, na mingi kati ya hiyo huachana akifa. Ongeza pingili za uti wa mgongo, miiba ya mapezi, magamba, na vile vijiwe vya masikioni ambavyo kwa samaki wengine vinatosha vyenyewe kumtaja mwenyewe. Samaki mmoja anaacha mtoni vipande vya maumbo mengi mno, na mwananchi hawezi kukisia kila kipande kwa kuangalia picha za mifupa ya ng'ombe na mbuzi.

Katika historia ya fani yenu kuna tukio ambalo ningependa lisomwe na kila anayepokea maulizo ya umma. Katika miaka ya 1830, Louis Agassiz, mtaalamu wa visukuku vya samaki, alilipa jina la Ceratodus kundi la samaki ambao alikuwa na mabamba yao ya meno yaliyogeuka mawe tu, yenye matuta yaliyotandazwa kama kipepeo cha mkono. Baadaye, huko Australia, William Forster alimweleza Gerard Krefft, mtunza makumbusho wa Sydney, kuhusu samaki mkubwa wa ajabu katika mito ya Queensland. Krefft hakumwamini. Mwaka 1870 Forster alimletea samaki mwenyewe. Krefft alipoyaona meno yake aliyatambua, yalifanana na yale ya mawe ya Ceratodus, na akampa samaki huyo jina la Forster huku akikiri hadharani kwamba alikuwa amelikataa neno lake. Ni ndugu wa mbali wa kamongo, na bado anaishi. Mtu wa mtoni alikuwa sahihi muda wote ule, na ushahidi uliomaliza ubishi ulikuwa bamba la meno la ukubwa ambao mpokeaji asiyejua angelitupa kama kokoto.

2. Ushauri tunaopewa kuhusu umri unaharibu mifupa

Mwenzangu mmoja aliambiwa dirishani ajaribu mfupa wake kwa kiberiti: ukitoa harufu ya nywele zinazoungua, ni wa juzi, usipotoa, ni kisukuku. Kweli, harufu hiyo hutokana na kolajeni, protini iliyomo ndani ya mfupa, na mfupa uliogeuka jiwe kabisa haunayo. Lakini kolajeni hiyohiyo ndiyo inayotumika kupima umri wa mfupa kwa kaboni, kipimo kinachoweza kurudi nyuma takriban miaka 50,000. Mfupa wa miaka 20,000 unaweza kutoa harufu vilevile, mwenyewe akautupa akidhani ni mabaki ya chakula cha mwaka jana. Na hata akiubakiza, tayari ameuunguza sehemu ambayo maabara ingeihitaji. Ushauri wa namna hii haupaswi kutoka katika jengo lenye neno makumbusho mlangoni.

Mimi niliambiwa jambo jingine: kwamba mweusi ni wa kale na mweupe ni mpya. Rangi haitoi hukumu hiyo. Mfupa uliolala kwenye tope lenye chuma na mangani unaweza kuwa mweusi bila kuwa wa kale sana, na kisukuku cha mamilioni ya miaka kinaweza kuwa na rangi ya hudhurungi hafifu. Rangi inaonyesha mfupa ulilala kwenye udongo wa namna gani. Ili kujua kama madini yameingia, tunaangalia uzito ukilinganisha na ukubwa, mlio wake ukigongwa taratibu kwenye kigae, na hasa pale ulipovunjika: je, vitundu vya ndani viko wazi, au vimejazwa? Hayo yote mtu anaweza kufundishwa kwa karatasi ya ukurasa mmoja. Karatasi hiyo haipo, na nimeiomba.

3. Mifupa yangu ilirudishwa imechanganywa

Hili ndilo lililonifanya niandike barua hii, nami nitalieleza kwa urefu.

Mto hauhifadhi vitu kwa mpangilio. Unakata tabaka la juu na la chini kwa pamoja na kumwaga vyote kwenye kona moja ya changarawe. Hapohapo unaweza kukuta pingili ya samaki aliyekufa msimu uliopita, mwiba wa kambare wa maelfu ya miaka, na jino la papa lililotoka kwenye mashapo ya bahari iliyokuwepo mamilioni ya miaka kabla ya mto wenyewe. Kwa sababu hiyo, mahali mfupa ulipookotwa ni nusu ya habari yake. Tunaozingatia jambo hili huweka kila kona ya mto na mfuko wake. Tunaandika upande wa ukingo, umbali kutoka juu ya ukingo, kama mfupa ulikuwa huru kwenye changarawe au bado umeshikwa na tabaka, na tunapiga picha kabla ya kuugusa.

Nilipeleka mifuko kadhaa, yote ikiwa na lebo. Mmoja ulikuwa wa thamani kuliko mingine yote. Ndani yake mlikuwa na mwiba wa pezi la ubavuni la kambare, niliouchomoa kutoka kwenye tabaka la mfinyanzi wa kijivu ukingoni. Kwenye ukingo wake wa nyuma vijino vyote vilikuwa vimekaa, vikali, havijalainishwa na maji. Kitako chake kilikuwa kizima, pamoja na ile sehemu iliyopinda ambayo kambare huitumia kuukaza mwiba ukiwa umesimama, adui asiweze kummeza. Katika mkunjo wa kitako kulikuwa na donge la mfinyanzi uleule wa kijivu. Niliuacha kwa makusudi, na nikaandika kwenye lebo: usioshwe. Vijino vikali vilionyesha kwamba mwiba haukuburutwa na mto. Mfinyanzi ule ungeweza kuthibitisha tabaka lake, na huenda ulikuwa na chavua au makombe madogo ya kusaidia kujua umri.

Hakuna aliyenipa stakabadhi. Niliporudi baada ya kusubiri sana, nilikabidhiwa mfuko mmoja wa plastiki. Mifupa yote ilikuwa humo, kutoka kona zote, bila lebo hata moja. Mwiba wa kambare ulikuwa umesuguliwa ukawa safi. Vijino vitatu vilikuwa vimevunjika, na mfinyanzi haukuwepo.

Naweza kuutambua mwiba huo kwa macho kwa kuwa naujua. Pingili siwezi kuzigawa tena. Picha zangu zimesaidia kwa baadhi. Zilizobaki zimekuwa mifupa isiyo na kwao. Sidai kwamba kulikuwa na nia mbaya. Nadai kwamba taasisi ambayo kazi yake ni kutunza ushahidi iliupokea ukiwa na maelezo yake, ikaurudisha bila maelezo hayo, na hadi leo haijasema hata neno moja la kueleza ilikuwaje.

4. Mkusanyo wa kulinganishia umefungwa

Mfupa wa samaki hautambuliwi kwa kipaji. Unatambuliwa kwa kuuweka kando ya mfupa wa samaki anayejulikana. Mwaka 1666 mtaalamu wa anatomia Nicolaus Steno alipasua kichwa cha papa huko Florence, na kazi aliyoichapisha mwaka uliofuata ikaonyesha kwamba yale mawe yaliyodhaniwa kuwa ndimi za nyoka yalikuwa meno ya papa. Alikuwa na meno ya papa halisi mbele yake. Mbinu yenu ya leo ni hiyohiyo: masanduku ya mifupa ya samaki wa sasa, iliyosafishwa, kila pingili na kila kipande cha fuvu kikiwa na jina lake.

Masanduku hayo mnayo. Niliomba kuyaona mbele ya mtumishi wenu, bila kugusa, nikaambiwa ni ya watafiti peke yao. Niliomba picha za mifupa ya samaki wa mtoni walio wa kawaida kabisa, nikaambiwa hazipo. Mkusanyo huo ulijengwa kwa kazi ya wavuvi na umma uliowaletea samaki, na nashindwa kuona hasara ya kuupiga picha.

5. Wajibu wa kutoa taarifa hauna mlango

Nchi nyingi zina sheria zinazowataka wanaopata visukuku watoe taarifa, na nyingine huvihesabu kuwa mali ya umma. Nakubaliana nazo. Sijawahi kuuza mfupa. Lakini anayetii sheria akifika kwenu asipate fomu, stakabadhi wala mtu wa kumsikiliza, kesho mnunuzi akimfuata na fedha mkononi na sikio la kusikiliza, nani atakuwa amempeleka huko?

Sasa nijibu hoja ambazo nimekwisha kuzisikia, au nazitarajia.

Mtasema wataalamu ni wachache. Ni kweli, tena nasikitika kwamba ni wachache. Lakini sehemu kubwa ya tunavyoleta haihitaji mtaalamu kwa hatua ya kwanza. Mtu wa kujitolea aliyefundishwa vizuri anaweza kutenganisha pingili, miiba, magamba, meno na vipande vya fuvu. Pingili ya samaki mwenye mifupa migumu imechimbika mbele na nyuma. Ikatwe kwa urefu, uone vikombe viwili vilivyogusana vitako, na mara nyingi ndani yake kuna duara za ukuaji. Ya papa ilikuwa gegedu lililokazwa kwa madini, kwa hiyo matao yake, yale yanayoinuka juu na chini ya pingili, hayakuungana nayo, yameacha mashimo tu. Ya nyoka, na ya mamba wa siku hizi, imechimbika mbele na kuwa na kifundo nyuma, wala si samaki hata kidogo. Huo uchambuzi peke yake ungewapunguzia wataalamu mzigo mkubwa, na ungewafikishia vile vipande vigumu tu: mabamba ya fuvu yenye vinundu, mifupa iliyovimba ambayo samaki kama kolekole huiota mwilini na ambayo watu hudhani ni uvimbe wa ugonjwa au jiwe la kawaida, na meno ya koo kama yale yangu.

Mtasema picha haitoshi kutambua kitu. Mara nyingine haitoshi. Lakini mnamo Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa akisimamia makumbusho madogo ya East London, Afrika Kusini, alimwandikia mtaalamu wa samaki J. L. B. Smith barua yenye mchoro wa kalamu wa samaki aliyevuliwa na meli ya uvuvi. Kwa mchoro ule Smith alimshuku silikanti, samaki wa kundi lililodhaniwa kutoweka miaka milioni 66 iliyopita. Barua ilimfikia tarehe 3 Januari 1939. Akajibu kwa simu ya maandishi kwamba mifupa na matamvua vihifadhiwe, ila sehemu laini za ndani zilikuwa zimekwisha kutupwa. Mchoro ulitosha kuanzisha kazi, na kuchelewa kwa siku chache kukaleta hasara. Picha zetu zina kipimo pembeni na zimepigwa kutoka pande zote.

Mtasema kitu kilichookotwa nje ya tabaka lake hakina thamani ya kisayansi. Thamani yake imepungua, haijaisha. Mfupa wenye kingo kali unaonyesha kwamba tabaka lake liko karibu, na ukifuatwa kuelekea juu ya mto unaweza kuwafikisha watafiti kwenye ukingo wenye mingine iliyolala mahali pake. Na ule mwiba wa kambare haukuwa nje ya tabaka. Uliwafikia ukiwa na udongo wake.

Mtasema kuwajibu wananchi kutawachochea wachimbe ovyo. Tazameni Florida, Marekani, ambako mito kama Peace River huvuta waokotaji wengi. Sheria ya huko inamtaka anayekusanya visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo kwenye ardhi ya jimbo awe na kibali cha makumbusho ya jimbo. Meno ya papa yamesamehewa. Mwenye kibali hutoa orodha ya alichopata, na makumbusho yana siku 60 za kudai kinachohitajika kwa sayansi. Kisichodaiwa kinabaki kwake. Unaweza kuukosoa utaratibu huo, nami sidai unakiliwe kila mahali. Ila pale makumbusho yanajua nani anakusanya, mto gani, na amepata nini. Nyinyi hamjui, na mafuriko hayasubiri mjue.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo. Kila mfupa unaopokelewa uandikiwe stakabadhi yenye namba, na namba hiyo ibaki na mfupa na lebo yake hadi unaporudishwa. Lebo ya mletaji isiondolewe na mtu yeyote, na udongo usioshwe bila idhini yake. Jibu la awali litolewe ndani ya siku 60, hata kama ni la kusema kazi inaendelea. Ichapishwe ile karatasi ya ukurasa mmoja, yenye maelezo ya kupiga picha, kuandika mahali na kukausha mfupa kivulini taratibu ili usipasuke, na yenye onyo kuhusu kuujaribu kwa kiberiti na kuupaka vanishi. Mkusanyo wa kulinganishia upigwe picha, kwa kuanza na samaki wa kawaida, na siku moja ya mwezi itengwe kwa wananchi kuketi nao mbele ya mtumishi.

Kuhusu mifupa yangu, naomba maelezo ya maandishi: nani aliipokea, nani aliiosha, na je, lebo zilihifadhiwa popote? Zikipatikana hata nusu, nitashukuru kwa dhati. Naomba pia kile kipande cha meno ya koo kipelekwe kwa mtu wa idara ya samaki, kwa kuwa swali lake bado halijajibiwa.

Nasubiri jibu lenu kwa siku 30 tangu barua hii ilipotoka, nami nitalitangaza neno kwa neno, hata likinipinga. Tangu siku ile nimeokota mifupa mingine, kutoka tabaka lilelile la mfinyanzi wa kijivu. Kila mmoja uko kwenye mfuko wake, na lebo iko ndani na nje. Sitaileta hadi niambiwe jina la atakayeipokea na atakayetia saini.

Wenu kwa heshima,

Mwokotaji wa mifupa ya mtoni